Funda la Nne la Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wakijua kusema, nchi nzima ilikuwa na kisima kimoja. Alikichimba Muhanga, mama mwenye pua ndefu na kucha kama majembe. Kilipojaa, wanyama wakala kiapo: kila mmoja mafunda matatu kwa siku. Atakayezidisha, ardhi imkatae.

Siku moja mtoto wa Muhanga akashikwa na homa. Jua likiwa utosini, wenziwe wamelala, Muhanga akanyatia kisimani. Akanywa matatu yake. La nne akalibeba mdomoni, akampelekea mwanawe.

Mtoto hajameza, ardhi ikanguruma: ngu-ngu-ngu-ngu! Mawe yakaporomoka, miti ikayumba, kanga wakaruka ovyo. Kisha kimya. Wote wakakimbilia kisimani. Loo! Asubuhi maji yalikuwa ukingoni, sasa tope tupu. Muhanga akapigwa na butwaa. Ni mimi, akawaza. Ni funda langu.

Nyati, mkubwa wao, akauliza nani kavunja kiapo. Macho yote yakamwangukia Ngiri, maana ana tope hadi masikioni. Ngiri akajitetea kwamba tope hilo analo tangu azaliwe. Nani amsikilize? Wakaamua afukuzwe nchini, yeye na watoto wake.

Muhanga akawatazama wale watoto.

"Mwacheni," akasema. "Aliyezidisha ni mimi. Mwanangu anaumwa."

Wakaduwaa. Mchimbaji mwenyewe!

Nyati akasema taratibu, "Mchimba kisima huingia mwenyewe, mama."

Wakamtumbukiza: pu! Muhanga akalala topeni, akingoja ardhi immeze. Mara akasikia: chwi, chwi, chwi. Akabandika sikio ukutani. Pana ufa, na ufa ule hakuuchimba yeye! Kumbe ardhi ilipotikisika ilipasuka, maji yakapenya humo, yakashuka chini zaidi. Akachimba akifuata sauti, kru-kru-kru. Maji yakamfika magotini, yakamfika kifuani.

"Nyati!" akaita. "Ardhi haikumkataa mtu. Maji yamehama tu."

Wakamvuta kwa kamba, amelowa chapachapa. Aliyevuta kuliko wote ni Ngiri. Nyati akateka funda la kwanza mdomoni mwake, akalipeleka kwa mtoto mgonjwa.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: maji yakipotea, tafuteni ufa kabla ya kutafuta mwizi. Hadithi yangu imeishia hapo, kisimani. Mwenye kiu na achimbe.