Kofia Isiyo na Mbele

Hapo zamani, siku ya Jumanne, saa tatu na robo ya asubuhi, karani Mbwana Shali alitolewa barazani kwa Sultani Zahran kichwa wazi, akapitishwa mbele ya watu wa mji wa Kivulini, akatiwa ndani. Tarehe ya siku ile haitajwi hapa, maana tarehe ndiyo iliyomtia ndani, na msimulizi naye anakipenda kichwa chake.

Habari zilimfikia dadake, jina lake Somoe, akiwa kibarazani anashona kofia. Kofia yenyewe ilikuwa ya huyo huyo Mbwana. Juu ilikwisha kushonwa ikapendeza, na ubavu wake ulikuwa bado mweupe mtupu. Aliyeleta habari ni jirani yake, Bi Mize, na alikuja anahema.

"Somoe! Wamemchukua kakako. Kofia yake imeanguka mlangoni pa jumba, askari wakaikanyaga, wala hakupewa nafasi ya kuiokota."

Somoe akajichoma sindano. Hakuwa na mama wala baba, hakuwa na mali, alikuwa na Mbwana tu. Akauliza, "Kaiba?"

"Laiti angeiba! Kaandika tarehe."

Basi Bi Mize akakaa akaeleza. Wajumbe watatu, wa Vilimani, wa Mabondeni na wa Gulioni, walikuwa wamefika mjini kufunga agano la njia ya chumvi, ili chumvi ipite katika nchi zote bila kuzuiliwa. Agano likasomwa, kila mtu akaridhika, ikabaki kuandika tarehe tu. Mbwana akaandika kama waandikavyo watu wa Gulioni, siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Mjumbe wa Vilimani akasimama akanena kwamba mwaka ndio mkubwa, nao umewekwa mkiani kama mbuzi mgonjwa. Mbwana akafuta, akaanza na mwaka. Mjumbe wa Gulioni akavaa viatu vyake. Mbwana akafuta tena, akaanza na mwezi, jambo lililomfurahisha mjumbe wa Mabondeni peke yake, na wale wawili wakaomba wafunguliwe mlango. Hapo karatasi ikatoboka kwa kufutwafutwa, na Sultani akaona fedheha mbele ya wageni. Fedheha ya sultani haikosi mtu wa kuibeba.

Jioni mpiga mbiu akapita mitaani na amri: "Sultani anasema hivi! Tarehe ya agano iandikwe mara moja tu, isirudiwe, na kila mjumbe aikute imeanza pale inapoanza kwao, tena ifuatane kama inavyofuatana kwao! Asipopatikana wa kuiandika kabla ya adhuhuri ya Alhamisi, wajumbe watakwenda zao, njia ya chumvi itafungwa, na karani Mbwana atakaa ndani mpaka chumvi irudi!"

Watu wakacheka kwa uchungu, kwa kuwa kitu kimoja hakiwezi kuanza mara tatu. Waziri Fumo alishauri iandikwe karatasi tatu, lakini wajumbe wakauliza ni ipi itakayowekwa juu ya nyenzake, na shauri likafia hapo.

Somoe hakucheka. Yeye mjini alijulikana kuwa ni punguani kidogo, kwa sababu alikuwa akiambiwa neno hulitenda vile vile lilivyo. Tajiri mmoja aliwahi kumwagiza, "Nishonee kofia isiyomkaa mtu mwingine ila mimi," naye akamkalisha tangu asubuhi hadi alasiri, akaishona ile kofia juu ya kichwa chake, tajiri akiogopa hata kupiga chafya. Kwa hiyo usiku ule, wakati watu wengine wanaifikiria amri, yeye aliirudia neno kwa neno, akitafuta neno gani halimo.

Jumatano asubuhi akaenda nyumba ya wageni kuchukua nguo za kufua, akawakuta wajumbe barazani, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

"Mabwana, shikamooni," akasema. "Mimi sina elimu. Niambieni tu, mbona kwenu huanza na hicho mnachoanza nacho?"

Mjumbe wa Vilimani, mzee mwenye ndevu safi, akajibu kwanza, kwa kuwa alizoea kujibu kwanza. "Mwanangu, sisi tunatunza makaburi ya wafalme, mengi kama mawe. Mgeni akiuliza mfalme fulani alikufa lini, ukimwambia siku, umemwambia nini? Mpe mwaka kwanza, ajue aanzie kilima gani."

"Makaburi!" akaguna wa Mabondeni. "Sisi ni wakulima, bibie. Ukinitajia mwezi, nimeshajua kama watu walikuwa wanapanda, wanapalilia, au wanalala na njaa. Siku utanipa baadaye. Mwaka nao najua mwenyewe, sijalewa."

Wa Gulioni, aliyekuwa akiandika hesabu zake kutoka kulia, akacheka. "Kwetu ni soko, dada yangu. Mwezi kila mtu anaujua, mwaka kila mtu anaujua. Mtu anataka kujua gulio ni siku gani, abebe kuku wake. Nikimwanzia na mwaka, kuku atazeeka."

"Kwa hiyo kila mmoja anaanza na kile ambacho msikilizaji wake hakijui," akasema Somoe.

Wajumbe wakatazamana, kisha wakakumbuka kwamba wamenuniana, wakatazama kando.

Wakati huo kikaletwa chakula, sinia moja la wali na samaki, maana nyumba ile haikuwa na vyombo vya kumtenga kila mtu. Wakaketi kulizunguka, wakanawa, wakala. Somoe akasimama na furushi lake la nguo, akawatazama mpaka wakaona haya. Kila mmoja alianzia upande wake, na hakuna aliyemwambia mwenziwe, "Sinia linaanzia kwangu."

Akatoka mbio, nguo za watu akazisahau pale pale mlangoni.

Siku ile nzima na usiku wake alishona ubavu wa ile kofia, taa ikazimika akaiwasha tena. Kila aliposhona alihofu amekosea, akafumua, akahesabu nyuzi, akashona upya. Alijua kwamba ile ni kofia ya Mbwana, na kwamba kitambaa kilichobaki hakikutosha ila kofia moja tena, wala uzi hautabaki wa kuitia ua au nukta.

Alhamisi, jua likikaribia utosini, akaingia barazani. Waziri Fumo akamwona, akamwinamia Sultani. "Bwana wangu, huyu ni yule aliyemshonea tajiri kichwani."

"Mwache aseme," akanena Sultani Zahran. "Wenye akili wamekwisha kushindwa tangu juzi. Ewe mwanamke, umeleta tarehe?"

"Naam, bwana wangu. Nimeileta, lakini inahitaji kichwa."

Watu wakashtuka. Sultani akajishika shingo. "Kichwa cha nani?"

"Chako, bwana wangu. Kukiazima tu."

Akaitoa ile kofia. Ubavuni, kwa uzi wa rangi ya kahawa, alikuwa ameshona alama tatu zilizoachana sawasawa, na kila alama ina namba chini yake. Palikuwa na shuke la mtama, ndio mwaka, kwa kuwa mavuno yake huja mara moja kwa mwaka. Kuliani mwa shuke palikuwa na mwezi mwandamo, ndio mwezi. Kuliani mwa mwezi palikuwa na jua, ndiyo siku, na kuliani mwa jua lilirudi lile lile shuke, kwa kuwa kofia ni mviringo. Sultani akavishwa, akawekwa kwenye kigoda katikati ya baraza.

"Mabwana wageni," akasema Somoe, "tafadhalini mzungukeni Sultani, kila mtu asimame penye alama yake, asome kama wasomavyo kwao."

Mzee wa Vilimani akazunguka hata akaliona shuke, akaanza hapo kwenda kuliani: mwaka, mwezi, siku. Akatikisa ndevu. Wa Mabondeni akasimama penye mwezi, naye akaenda kuliani: mwezi, siku, kisha akazunguka akaukuta mwaka. Wa Gulioni akasimama penye jua, uso umemkunjamana. "Mimi nikienda kuliani naukuta mwaka. Nimeonewa."

"Kwenu mnaandika kuelekea wapi, kaka?"

"Kutoka kulia kwenda kushoto, kama walivyoandika babu zetu."

"Basi soma kama babu zako."

Akasoma kwenda kushoto: siku, mwezi, mwaka. Akazunguka tena kuhakikisha, na wenziwe wakazunguka nyuma yake, ikawa watu wazima watatu wenye majoho wanamzunguka Sultani kama kuku wanaotafuta pa kutagia.

Waziri Fumo hakuweza kuvumilia. "Agano huandikwa karatasini!"

"Nimeisikiliza amri neno kwa neno, mheshimiwa. Karatasi haikutajwa."

"Haya! Na kofia ina mbele na nyuma. Hiyo alama iliyo juu ya paji la uso wa Sultani ndiyo ya kwanza. Umemtukuza mmoja, umewadharau wawili!"

Wajumbe wakasimama pale pale walipofika, wakaanza kutazama ni alama gani iliyoangukia pajini. Jambo lile Somoe alikuwa ameliogopa usiku kucha, na usiku kucha hakulipatia jibu. Akamtazama Sultani, akamwona anageuza macho juu, anajitahidi kuliona paji la uso wake mwenyewe, anashindwa, anajaribu tena.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "mtu aliyezungukwa na wageni wake hana nyuma. Kila anayemtazama yuko mbele yake."

"Na mimi je?" akauliza Sultani, macho bado yako juu. "Kwangu mimi tarehe inaanza na ipi?"

"Wewe, bwana wangu, umeivaa. Mji mzima utaisoma, ila wewe peke yako."

Sultani akajaribu kuangalia juu mara moja zaidi, hata macho yakamtoka machozi. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka kofia ikazunguka kichwani, na wajumbe nao wakazunguka kuzifuata alama zao, hapo baraza zima likacheka, hata Waziri, kidogo.

Agano likatiwa sahihi kabla ya adhuhuri. Penye tarehe waliandika, "Ni ile iliyo katika kofia ya Sultani, mwenye shaka aje azunguke."

"Omba utakalo," akanena Sultani.

"Kakangu, bwana wangu."

"Atatoka kesho alfajiri. Na mali?"

"Kama ipo ya ziada, kitambaa cha kofia. Hiyo uliyovaa ilikuwa yake."

Sultani akaishika ile kofia, akaona haya, wala hakuivua. Akamwamuru Waziri amletee Somoe jora zima.

Asubuhi ya pili, Ijumaa, kabla jora halijafika, Somoe alikuwa mlangoni mwa gereza na chungu cha uji wa moto. Mbwana akatoka, anafinya macho kwa mwanga, mkono ameuweka kichwani kuficha utosi wake. Somoe akamshusha ule mkono, akamvisha kofia nyeupe tupu aliyoimaliza usiku.

Mbwana akaizungusha kwa vidole, akitafuta ua, nukta, alama yoyote, kama alivyozoea. "Mbele yake ni wapi?"

"Unakokwenda," akasema Somoe, akampa chungu abebe.