Kichwa Kitupu

Mtu mmoja alikuwa na barua ya posa aliyoiweka chini ya kopo la grisi, na hakutaka kuijibu. Jina lake Kaombwe. Alikuwa fundi wa vichwa vya treni kwa miaka thelathini na mmoja, katika karakana ya mji uliozaliwa na reli, na alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku la spana, sikio moja zima na hasira nyingi. Barua ilitoka kwa Idrisa Mlekwa, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemposa binti yake Nyanzala. Nyanzala alikuwa na miaka ishirini na saba, na alikwisha kumwambia mama yake kwamba kama si Idrisa, basi asisumbuliwe tena na habari za mume. Mshenga, Mzee Tambwe, angekuja kuchukua jibu siku ya Ijumaa baada ya swala ya alasiri.

Jibu Kaombwe alikuwa nalo tayari. Idrisa alikuja kujitambulisha mara moja tu, akakaa sebuleni muda wa kikombe kimoja cha chai. Viatu vyake vilikuwa na vumbi. Alipoulizwa neno alinyamaza kwanza, kisha akajibu kwa maneno machache, na alipoaga alisema lazima awahi kwa sababu kuna watoto watatu wanamsubiri. Walikuwa watoto wa dada yake aliyefariki miaka minne kabla, na tangu mazishi ni yeye aliyewalea. Kaombwe alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi akisema, "Mtu hajaoa, tayari ana mzigo." Na barua ikaenda chini ya kopo.

Wiki hiyohiyo chuo cha reli kilimwita akatoe ushauri. Katika ukumbi wa chuo palikuwa na meza kubwa, na juu yake reli ndogo yenye stesheni, daraja, kilima cha plasta na mahali reli zinapoachana. Hapo ndipo wanafunzi walipojifunza kupokea treni na kuziruhusu, kabla ya kukabidhiwa treni za kweli zenye watu ndani. Vichwa vidogo vilivyokuwa vikivuta mabehewa juu ya meza hiyo vilikuwa vimechoka. Mkuu wa chuo, Bwana Msabila, alitaka kuagiza vinane vipya vya aina moja, na alikuwa ameletewa vitatu achague. Kimoja kilikuwa chekundu, kina taa, kina honi, na kinatoa moshi kwenye bomba. Cha pili kilikuwa cha shaba, kimetengenezwa kwa mkono. Cha tatu kilikuwa cheusi, rangi imechunika ubavuni, na bafa moja ya mbele, kile kikingio cha kupokea kishindo, haipo.

Kaombwe alipofika alikuta wameshaanza kupima. Na walivyopima, jamani! Walikiweka chekundu peke yake kwenye reli iliyonyooka, bila behewa hata moja, wakafungua umeme. Kikawasha taa, kikapiga honi, kikazunguka meza mbio. Walimu wazima, watu waliosomea reli, wakapiga makofi. Bwana Msabila akasema wala hakuna haja ya kuvijaribu vingine.

"Mnapima kichwa kitupu!" Kaombwe alifoka.

Sasa, kwa watu wa karakana, kichwa kitupu ni kile kinachotembea bila mabehewa. Mtaani kichwa kitupu ni mtu asiye na akili. Siku hiyo Kaombwe hakufafanua alikusudia kipi, na walimu wakabaki wanaangaliana.

Akawaambia kwamba hakuna kichwa kibovu kinapokuwa kitupu. Hata kile kilichokufa gia, ukikiweka mahali tambarare bila mzigo, kitakwenda, na kitakwenda kwa maringo. Akawauliza kama wanafunzi wao watafundishwa kuongoza honi. Akaomba mabehewa tisa, kilo mbili za misumari, na apewe mpaka Ijumaa. Bwana Msabila akasema sawa, lakini alilisema kama mtu anayemvumilia mgonjwa, na hilo lilimkera Kaombwe kuliko makofi.

Siku nne alishinda ukumbini. Alifunga mabehewa nyuma ya kichwa chekundu, akayajaza misumari, akakielekeza kwenye kilima. Magurudumu yalizunguka palepale, treni haikusogea hata shubiri moja. Akapunguza mzigo nusu. Kikapanda, lakini kilipofika reli zinapoachana kikazimika, kwa sababu kilikuwa kinapokea umeme kwa magurudumu mawili tu, na mawili hayo yalipopita kwenye pengo lililo hapo kati ya reli hakikuwa na pengine pa kushika umeme. Siku ya pili kilitoa mlio wa kukwaruza. Alipokifungua tumbo akakuta gia ya plastiki imepasuka katikati. Honi ilikuwa nzima. Uzuri wa mkakasi, alijisemea, ndani kipande cha mti, na akakirudisha kwenye boksi lake zuri.

Cha shaba kilivuta, lakini kila asubuhi kilitaka kusukumwa kwa kidole ndipo kiondoke. Kaombwe alikifanyia hivyo siku mbili, siku ya tatu akakichoka.

Kile cheusi kilikuwa na kelele. Kilinguruma kama mashine ya kusaga, na mara ya kwanza mwalimu mmoja aliyekuwa akipita alicheka. Kaombwe alikifunga mabehewa yote tisa na misumari yote. Akafungua umeme kidogo kabisa, kwa sababu alijua kwamba mwendo wa mbio hauonyeshi kitu, na kichwa hujulikana kinapotakiwa kwenda polepole na mzigo. Kikasimama kidogo, kana kwamba kinafikiri. Kisha kikasogea taratibu, behewa moja likivutika baada ya jingine, mpaka lile la mwisho. Kikapanda kilima, kikavuka daraja na kupita reli zinapoachana bila kusita. Akanyunyizia vumbi kidogo kwenye reli, kama la kiangazi. Kikapita kikiwa kimechafuka magurudumu. Akakiacha kizunguke kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na alipokigusa mgongoni kilikuwa na joto la kawaida, la mtu aliyefanya kazi na bado anaweza kuendelea. Kaombwe, ambaye hakulia alipostaafu, aliona macho yake yanamlowa, akajikasirikia.

Ijumaa asubuhi alimwambia Bwana Msabila aagize vyeusi vinane. Bwana Msabila alikitazama kile cheusi kwa muda mrefu. "Mzee wangu, sikatai," alisema, "lakini wageni wakija chuoni, kweli tuwaonyeshe hiki?" Kaombwe akamwambia aagize hivyo, na akitaka kuonyesha wageni kitu, anunue picha akaitundike ukutani. Akachukua kofia yake akaondoka.

Alifika nyumbani anachemka. Mkewe, Mama Nyanzala, alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Kaombwe hakungoja hata maji ya kunywa. Alimweleza yote, kuanzia makofi mpaka misumari. Alisema watu wa siku hizi macho yao yako kwenye rangi. Alisema kichwa hakihukumiwi kwa sura wala kwa kelele, wala kwa dakika mbili juu ya reli tambarare. Unakihukumu kwa kile kilichofungwa nyuma yake, na namna kinavyokivuta kikifika mlimani. Aliyasema hayo mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Mama Nyanzala alichambua mchele wake, akaitikia "Naam" na "Ehe" pale ilipostahili.

Kisha Kaombwe akaingia ndani na kutoka na ile barua. Kopo lilikuwa limeacha duara la grisi juu ya bahasha, kuzunguka jina la Idrisa. Akasema Mzee Tambwe akija atamrudishia barua yake na mambo yaishe. Mtu mwenyewe hana maneno. Alikuja na vumbi mpaka vifundoni, utadhani anatoka shamba. Na zaidi ya yote, anamtaka Nyanzala wa nini, amlelee watoto wa marehemu? Binti yake aanze maisha na watoto watatu mgongoni? Hapana.

Nyani haoni kundule, ndugu zangu. Mtu ametoka sasa hivi kuwafokea wengine, jasho halijamkauka, na halioni lililo mkononi mwake.

Mama Nyanzala akaweka ungo chini. Akainuka, akazunguka kiti, akahamia upande wa sikio zima la mumewe.

"Baba Nyanzala," alisema, "kichwa cha chuma umekisifu kwa mzigo, na mtoto wa watu umemkataa kwa mzigo."

Akarudi kwenye mchele wake.

Kaombwe aliketi. Alikumbuka ule ukimya wa Idrisa kabla ya kila jibu. Alikumbuka vile viatu, na kwa mara ya kwanza akajiuliza mtu anayepeleka watoto watatu shule kwa miguu kila siku, kwa miaka minne, viatu vyake vingekuwaje. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba siku nne na kilo mbili za misumari kwa ajili ya kitu cha kuwekwa juu ya meza. Lakini binti yake, damu yake, yeye alikuwa amempimia mume kwa kikombe cha chai. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lile zima na lile bovu, na akatamani mkewe awe amemfokea, maana angefokewa, angalau naye angeweza kufoka.

Mzee Tambwe alipiga hodi alasiri, kama alivyoahidi. Alikuta Kaombwe ameketi palepale na barua mapajani, anaisugua ile alama ya grisi kwa kidole gumba, na haitoki. Mshenga ni mtu mzima. Aliona bahasha ilivyochafuka, akadhani jibu amekwisha kulipata, akaanza kutafuta maneno ya kuaga kwa heshima.

"Kaa, mzee mwenzangu," Kaombwe alimwambia. "Mpelekee salamu Idrisa. Mwambie Jumapili aje ale chakula cha mchana hapa. Na aje na watoto wote watatu. Asimwache hata mmoja."

Jikoni, Nyanzala akaacha kuosha vyombo.

Nawe unayesikiliza: yule uliyemkataa kwa sababu ya kile alichokuwa akikivuta, ulitaka akuthibitishie uwezo wake kwa kuvuta nini?