Chakula Ambacho Zimwi Halijala

Walio macho semeni, "Tupo!" Haya, sikilizeni. Jumanne moja, saa kumi kamili alasiri, zimwi lilikuja likakalia kisima cha kijiji.

"Nileteeni chakula nisichowahi kula, niondoke," likanguruma. "Atakayeleta nilichokwisha kula, namla yeye."

Shangazi Mosi akapeleka wali wa nazi. "Nimeshakula!" Likammeza. Wifi Chiku akapeleka pweza wa kukaanga. "Nimeshakula!" Likammeza na sahani yake.

Nyumbani kwao akabaki Mwatime peke yake, na kiu. Akawaza: zimwi limeshakula mapishi ya kila mtu. Ya nani bado? Akabeba sufuria, unga na mwiko, akaenda kisimani.

"Chakula kiko wapi?" likauliza zimwi.

"Utapika mwenyewe, babu. Umewahi kula ulichopika wewe?"

Zimwi likakuna kichwa. "Mimi? Tangu lini?"

Likachota maji, likasonga ugali. Mabonge juu, mkaa chini, unga mpaka puani. Likaonja.

"Mama yangu! Sijawahi kula kitu kama hiki!"

"Basi ondoka."

Lilitaka kubisha, bonge likalikwama kooni. Likakohoa, akatoka shangazi. Likakohoa tena, akatoka wifi. Mara ya tatu ikatoka sahani.

"Mwanangu, humo ndani kunanuka!" shangazi akalalamika.

Zimwi likaenda zake msituni limekumbatia sufuria, likijisifu njia nzima.

Kesho yake asubuhi Mwatime alichota maji, kisha akaenda hadi ukingo wa msitu kulifundisha zimwi kuchekecha unga, lisije likarudi kutafuta mpishi.