Muhuri wa Kila Asubuhi

Watu wa Mwambani walipenda sana kutazama roketi zikirushwa, na Mbodze aliwauzia viazi karai pale ufukweni. Kisha akaja Meja Lokwang, mkuu mpya wa kambi ya kurushia roketi, akapiga marufuku: atakayetaja siku ya kurusha roketi atalala ndani.

Mbodze alimfuata ofisini.

"Afande, nataka kukusaidia. Watu wanajazana ufukweni kila siku kubahatisha. Nikiwaambia leo hakuna roketi, wanasema nawaficha."

"Waambie serikali imesema."

"Bila muhuri? Nani atamwamini muuza viazi?"

Meja akacheka, akaona mama huyu ana akili. Tangu hapo, kila asubuhi alipita kibandani, akala viazi viwili, akagonga muhuri kwenye karatasi mpya iliyoandikwa, "Leo hakuna roketi." Watu waliisoma ukutani, wakaenda zao. Ufukwe ukawa mtupu, na Meja akajisifu hadi makao makuu.

Wiki ya tatu, Meja alijifungia chumba cha mitambo tangu alfajiri. Saa nne roketi iliruka. Alipotoka, alikuta ufukwe umefurika watu, watoto mabegani, kila mmoja anatafuna viazi.

"Mbodze! Nani amewaambia hawa?"

"Mimi sijafungua mdomo, Afande."

"Sasa wamejuaje?"

Mbodze alimfungia viazi vyake viwili kwenye gazeti, akampa.

"Leo hukuja kugonga muhuri."