Tanuri la Ukingoni

"Tanuri la wawili halitoi mkuki." Bibi yenu amewaambia hivyo leo alipoamua ule ugomvi wa kisima, nanyi mkacheka. Kaeni basi msikie ilikoanzia, maana siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kwamvumo, nchi ya mlimani, ilikuwa na mawe ya chuma. Lusanje, ng'ambo ya mto, ilikuwa na msitu wa mkaa. Zilipigana miaka sita, hata majembe yakafuliwa kuwa mikuki. Vita vilikwisha bila mshindi, mvua zikiwa karibu, na watu hawakuwa na cha kulimia. Ndipo Lusanje wakamtuma mama mmoja, Namkunda, alete shauri Kwamvumo: mawe yenu, mkaa wetu, tanuri moja.

Baraza la mfalme likachafuka.

"Tuwape chuma watuchome nacho?" alifoka Mkwizu, jemadari wa vita. "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka!"

"Shtuka," alijibu Mbonea, mtunza ghala, "lakini mbegu hazijichimbii shimo. Tusipolima, tutazika watoto."

Nusu walimshangilia huyu, nusu yule. Kwa desturi yao mhunzi alisema mwisho, na neno lake ndilo lililokata, kwa kuwa jembe na mkuki vyote vilitoka mkononi mwake. Mhunzi mwenyewe alikuwa Senkondo, na mwanawe wa pekee aliuawa na mkuki wa Lusanje. Moyo wake ulitaka kusema hapana, tena kwa sauti. Lakini mvua zilikuwa karibu.

"Tanuri lina mivukuto miwili," alisema hatimaye. "Mmoja ukisimama, moto unakufa. Tulijenge ukingoni mwa mto. Mvukuto mmoja avute mtu wetu, wa pili avute mtu wao."

"Na wakituhadaa?" aliuliza Mkwizu.

"Basi watuhadae huku tunawatazama machoni."

Mfalme akaitikia.

Siku ya kwanza, mvukuto wa Lusanje aliushika Namkunda mwenyewe. Chuma kilipotoka, Senkondo alianza kukifua. Lakini uchungu wa mwana haumezeki. Kipande kikazidi kurefuka, kikachongoka, na Mkwizu aliyesimama na walinzi akatabasamu. Senkondo alipokirudisha motoni, moto ulikuwa unafifia. Namkunda alikuwa ameachia mvukuto.

Walinzi wa pande zote mbili wakashika marungu yao.

"Vuta, mama," alisema Senkondo.

"Sivuti, baba. Wangu wawili wako chini ya udongo, nimebakiwa na mmoja. Hicho unachofua, mimi sikipulizii moto."

Senkondo alikitazama kile kilichokuwa kwenye koleo lake kana kwamba kimefuliwa na mtu mwingine. Alilia mbele ya watu, mtu mzima yule, wala hakujificha. Kisha akakiweka juu ya fuawe, kingali chekundu kidogo, akakikunja katikati.

"Vuta sasa," alisema. "Nitakipanua."

Namkunda akavuta. Jembe lile la kwanza lilikwenda Lusanje, likiwa na alama ya mkunjo isiyofutika. Naye Mkwizu, alipoulizwa nyumbani yaliyotokea ukingoni, alitema mate na kujibu kwa hasira, wala hakujua kwamba watu watalishika neno lake mpaka leo:

"Tanuri la wawili halitoi mkuki."