Kiboko wa Mvuke na Kodi ya Kiti cha Motoni

Hodi ya hadithi!
"Karibu, ila uongo ubaki nje!"
Ukipenya je?
"Tutaufukuza kwa ufagio!"
Haya, kaeni. Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, maana mimi nikianza sipendi kukatizwa.

"Vibuyu tisini!" Kiboko alifoka. "Wewe Pimbi, umerogwa? Mimi nimehamia hapa juzi tu!"

"Vibuyu tisini, Bwana," alisema Pimbi. "Na duara unalolifunga sasa hivi sijalihesabu bado."

"Mwizi!"

"Nimekuibia nini? Kitaje."

Kiboko akajikagua ubavu kwa ubavu. Alijua ameibiwa. Alijua kabisa! Lakini kila akitafuta alipoibiwa, hapaoni.

Ilikuwa hivi. Huko mbali, mbali kuliko nyota ya mwisho unayoiona kwa jicho, palikuwa na moto mmoja mkubwa, jua la watu wengine. Wanyama wa mbinguni waliuzunguka, kila mmoja na njia yake. Kiboko ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Msishtuke lakini, hakuwa na mfupa, hakuwa na nyama, alikuwa mvuke na upepo mtupu toka pua hadi mkia. Alikaa nje kabisa, kwenye baridi, na kule nje duara moja la kuuzunguka moto lilichukua muda wa mtoto kuzaliwa na kuota ndevu.

Pimbi alikuwa kajiwe. Kajiwe kadogo tu, na wanawe watatu, vijiwe vidogo zaidi. Walikaa karibu kabisa na moto, kwenye kiti alichoachiwa na bibi yake.

Siku moja Kiboko akashuka. Vuuum!

"Pimbi, sogea."

"Nisogee wapi, Bwana?"

"Nikuchagulie na pa kusogea? Nimechoka baridi. Sogea!"

Pimbi akawatazama wanawe, akalitazama tumbo lile. Tumbo hilo likikugusa ubavuni, unaruka mpaka gizani usirudi. Akasema, "Kiti ni chako, Bwana. Ila huko nje wanangu watakufa kwa baridi. Nilipe kodi: vibuyu hamsini vya mvuke moto, mara moja, tusidaiane tena."

Kiboko akanusa. Fu, fu, fu. Yeye alikuwa mtu wa shaka. Hata ukimpa salamu, ataigeuza aone chini yake kuna nini. Hamsini mara moja? Mbona ana haraka? Anajua nini huyu?

"Hamsini silipi," akasema. "Nitalipa kwa desturi ya mbinguni, kibuyu kimoja kila nikifunga duara."

"Usifanye hivyo, Bwana. Karibu na moto duara ni fupi. Utaumia."

Fu, fu, fu. Tangu lini anayenyang'anywa akamwonea huruma mnyang'anyi? "Kumbe ndicho unachokiogopa!" akasema Kiboko. "Kibuyu kimoja kila duara!"

"Bwana, ukiwa karibu na moto, moto unakuvuta, unakwenda mbio. Nimezaliwa pale, napajua."

"Kibuyu kimoja kila duara!"

"Bwana, ukishakaa pale, moto unakushika kiuno. Mkubwa kama wewe hutoki tena."

Hapo Kiboko akacheka mpaka mawingu yake yakakatika vipande. "Mwenye kiti kizuri hakosi kusema kina kunguni! Nimekushika, bibi wee. Kibuyu kimoja kila duara, na mashahidi waitwe!"

Vimondo viwili vilivyokuwa vikijipitia vikaitwa, vikasikia, vikasema, "Tumesikia," vikaenda zao. Pimbi akainama kwa heshima. Aliinama muda mrefu kidogo, maana uso wake wakati ule haukufaa kuonekana. Kisha akawakusanya wanawe, akahamia nje, mahali ambapo njia ya Kiboko inaonekana vizuri.

Kiboko akakaa. Aa, joto! Tumbo likaanza kufura, fuuu, kama andazi kwenye mafuta.

"Nanenepa!" akasema.

Hakuna aliyenenepa. Hakuwa ameongeza hata tonge. Joto ndilo lililomfutua. Na uso wake ukaelekea motoni ukagandia huko huko. Hageuki. Mbele anaungua, nyuma ni giza siku zote. Kwa mtu mwingine si neno. Lakini kwa mtu wa shaka! Nani yuko nyuma? Nani anapita? Kinachekwa nini huko mgongoni?

Na mbio sasa! Vuuum, moto ukamvuta, akazunguka. Kabla ndizi za kuvundika hazijaiva, akasikia:

"Hodi, Bwana. Duara limefungwa. Kibuyu changu."

"Duara gani? Ndiyo kwanza nimekaa!"

Vuuum, akazunguka. Kabla ndizi nyingine hazijaiva:

"Hodi, Bwana. Duara limefungwa. Kibuyu changu."

"Umebadilisha njia! Umeikata kwa panga!"

Vuuum. Vuuum. Vuuum. Pimbi hakubadilisha kitu. Ni yeye Kiboko tu, na njia yake fupi aliyoitaka mwenyewe. Na moto nao haukumwacha. Mvuke wake ulikuwa ukichomoka mgongoni, chwaaa, mkia mrefu mweupe, unamwagika bure gizani. Mwingine uliwafikia watoto wa Pimbi, wakaacha kugonga meno.

Kila duara Kiboko akabisha, asilipe, deni likapanda mpaka ikafika ile siku ya vibuyu tisini.

"Ule mvuke wanaouota wanao si wangu?" Kiboko akauliza. "Utoe kwenye deni!"

"Ule umemwagika wenyewe, Bwana. Kibuyu hujazwa."

"Kule nje ningekuwa sijamaliza hata robo ya duara!"

"Kule nje ulikuwa hudaiwi."

Kiboko akajaribu kujinyanyua. Akasukuma, akakoroma, akafura zaidi. Moto umemshika kiuno. Akalegeza sauti. "Mama, sikiliza. Chukua kiti chako. Kiti cha bibi yako! Mimi nirudi zangu kwenye baridi, tusameheane."

"Ungeweza kurudi, ungekuwa umesharudi," alisema Pimbi. "Niliyasema yote, Bwana. Nilikudanganya wapi?"

Na hapo ndipo palipomuuma. Alitafuta uongo wa Pimbi mbele, hakuuona. Nyuma hakuweza kugeuka.

Hadithi imefika kwake, imevua viatu. Nani anaimwagia maji miguuni?
"Sisi!"

Basi shikeni funzo. Jihadharini na wasema kweli. Mwongo ni mtu mwema, maneno yake utayapunguza utakavyo na utalala salama. Lakini mtu akikueleza jambo waziwazi, tena akalirudia, mfukuze, huyo ni jambazi. Na nyinyi wakubwa, endeleeni kuwanyang'anya wadogo viti. Hakuna aliyewahi kudhurika.

Mnauliza Kiboko yuko wapi? Yuko pale pale, uso motoni, mkia wa mvuke nyuma, anazunguka na kununa. Na kila akipita, Pimbi amesimama na vibuyu vyake, wanawe wamejipanga ubavuni.

"Hodi, Bwana. Tisini na kimoja. Lete."