Mgeni Rasmi wa Wiki ya Joto

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Jua!

Jua gani?

Jua kali!

Kali kiasi gani? Itikieni vizuri, mnaitikia kama mmelishwa mihogo mibichi!

Kali la kukaanga yai juu ya jiwe!

Haya, hapo sawa. Mwenye maji anywe, asiye na maji ameze mate, na mwenye kusinzia akasinzie kwao. Ngano inapita.

Hapo kale palikuwa na kiangazi kilichosahau njia ya kurudi kwao. Kilikuja kama mgeni wa siku mbili, kikatandika mkeka, kikakaa siku arobaini. Mto ukakauka, ukabaki mchanga. Visima vikakauka, vikabaki mashimo. Nchi nzima likabaki bwawa moja tu, Bwawa la Nyamtope, na juu ya bwawa mkuyu mmoja wenye kivuli kipana. Na ndani ya bwawa, chini ya kivuli, alikaa nani?

Alikaa Mheshimiwa Kiboko. Tumbo majini, mgongo kivulini, pua juu, macho nusu. Alikuwa amelitwaa bwawa lote kwa ajili ya usalama wa wananchi. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na nani ambishie bwana mwenye meno marefu kama mpini wa jembe? Swala alikuja kunywa, akafukuzwa, kwa usalama wake. Ngiri alikuja kunywa, akang'atwa mkia, kwa usalama wake. Tangu hapo watu wote wakawa salama kabisa, na kiu yao.

Lakini msije mkadhani Mheshimiwa hakuwajali wananchi. Aliwajali mno! Kila asubuhi alimtuma Hondohondo, mpiga mbiu wake, ambaye ujira wake ulikuwa mdomo mmoja wa maji kwa siku. Hondohondo alitua juu ya kisiki, akakohoa, akatangaza:

"Kwa! Kwa! Kwa! Utabiri wa leo: jua. Utabiri wa kesho: jua. Keshokutwa: jua, na vipindi vya jua zaidi. Wananchi mnashauriwa kunywa maji kwa wingi na kukaa kivulini. Mheshimiwa anawapenda. Kwa!"

Basi wananchi walikaa juani, wakashauriwa.

Sasa, bondeni chini ya bwawa kulikuwa na miamba, na ndani ya miamba aliishi Nguchiro na wanawe wanne. Mnamjua Nguchiro? Mdogo, mwembamba, mkia mrefu, na maneno marefu kuliko mkia. Siku ya thelathini na tisa ya jua lile, kitinda mimba wake, Sikujua, hakuinua kichwa. Nguchiro alimwita, hakuitika. Alimlamba midomo, midomo ilikuwa mikavu kama ganda la karanga. Nguchiro aliogopa. Aliwahi kupigana na nyoka swila, hakuogopa hivyo. Alijua kuwa mtoto hatafika siku tatu.

Akatoka mbio mpaka kwenye kisiki.

"Kaka Hondohondo, hayo maji ya kunywa kwa wingi yako wapi?"

"Dada, mimi natangaza tu."

"Na hicho kivuli?"

"Natangaza tu."

"Na wewe mwenyewe umekunywa kwa wingi?"

Hondohondo akatazama huku, akatazama kule, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mdomo mmoja. Na siku akikasirika, nusu."

Nguchiro akamwacha pale. Akaenda kwa Muhanga, fundi wa kuchimba, yule anayeweza kukuchimbia shimo kabla hujamaliza kumwamkia.

"Binamu, kutoka ukingo wa bwawa mpaka miambani kwangu, mfereji unachukua muda gani?"

Muhanga akapima kwa jicho. "Nikisaidiwa na Ngiri na Nyegere, kutoka saa sita mpaka saa tisa. Ila yule bwana yupo pale pale. Akisikia kucha moja tu, tumekwisha."

"Hatakuwepo."

"Thubutu! Atatoka vipi kwenye jua hili? Utamtoa kwa fimbo?"

"Wakubwa hawatolewi kwa fimbo, binamu. Wanatolewa kwa mwaliko."

Akashika njia mpaka bwawani. Akasimama mbali, akainama hadi pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umefuata maji?"

"Maji? Maji ya nini tena, Mheshimiwa? Sisi ushauri wako unatutosha. Nimeleta mwaliko. Wananchi tumeguswa na matangazo yako, tumeanzisha Wiki ya Kujikinga na Joto. Kilele ni kesho, saa sita mchana, uwandani. Tunakuomba uwe mgeni rasmi."

Kiboko akafungua jicho la pili. Lile neno lilimwingia sikioni likashuka moja kwa moja mpaka tumboni. Mgeni rasmi!

"Saa sita," akasema. "Jua si litakuwa kali?"

"Kali kupita kiasi, Mheshimiwa. Sasa tutaadhimisha joto kwenye ubaridi?"

"Ni kweli. Na, eh, kuna zawadi?"

"Matikiti maji kumi na mawili. Yanakabidhiwa baada ya hotuba."

Mate ya Mheshimiwa yakadondoka majini: to! to! to!

"Lakini kama una shughuli nyingi, usijisumbue," Nguchiro akasema, akigeuka aondoke. "Tutamwalika Mamba."

"Mamba!" Maji yakaruka mpaka kwenye matawi ya mkuyu. "Mamba anajua nini kuhusu joto? Nitakuja mimi!"

Asubuhi yake Nguchiro alikuwa uwandani, akifanya kazi peke yake. Uwanda ule hauna mti, hauna kichaka, una vichuguu tu, vichuguu mia na zaidi, vimesimama safu kwa safu. Nguchiro akasuka kofia za majani makavu, akakivika kila kichuguu kofia. Hondohondo alipoombwa apige makofi kwa mdomo wake, alikubali mara moja. "Hilo naliweza," akasema. "Kazi yangu ndiyo hiyo hiyo."

Saa sita ikagonga. Du! Du! Du! Mheshimiwa huyo anakuja, amejipaka matope mwili mzima, maana hakuwa mjinga kiasi hicho. Macho yake, yaliyozoea kivuli siku arobaini, yalikunjamana kwa mwanga. Akatazama mbele, akaona umati. Umekaa kimya, kofia vichwani.

"Wananchi wenye nidhamu hawa!" akasema. "Hata mmoja hajikuni!"

"Matangazo yako hayo, Mheshimiwa. Sasa, kwa mujibu wa itifaki, mgeni rasmi haondoki mpaka asomewe risala, aijibu, akabidhiwe zawadi. Akiondoka kabla, zawadi huenda kwa mgeni mwingine."

"Naijua itifaki! Soma!"

Nguchiro akakohoa. "Mheshimiwa mgeni rasmi. Mheshimiwa mwenye bwawa. Mheshimiwa mwenye mkuyu. Mheshimiwa mwenye kivuli cha mkuyu cha asubuhi. Mheshimiwa mwenye kivuli cha mkuyu cha jioni..."

Kule bwawani, Muhanga na wenzake: chwa! chwa! chwa! Huku uwandani, Hondohondo: kwa! kwa! kwa! Na mgongoni mwa Mheshimiwa, matope yakianza kukauka: ka! ka! ka!

Saa saba. Nguchiro bado anataja wageni waalikwa. Alimtaja Swala, akamtaja mke wa Swala, akawataja shemeji zake Swala wanaokaa ng'ambo. Chwa! chwa! chwa! Kwa! kwa! kwa! Ka! ka! ka!

Saa nane. Risala ikafika mafanikio: wananchi wamejifunza kuwa jua ni kali. Risala ikafika changamoto: hazikuwepo. Nguchiro akatega sikio upande wa bondeni. Maji bado. Ulimi wake ulikuwa umeshikana na kaakaa, na mawazo yote yalikuwa kwa Sikujua, kama bado anapumua. Lakini maneno yalikuwa yamemwishia. Akafanya lililobaki.

"Sasa namkaribisha mgeni rasmi atupe nasaha. Na asitupunje, Mheshimiwa, tumetoka mbali!"

Kiboko akasogea mbele. Matope yalikuwa yamemkauka kama chungu kilichotoka tanurini, na chini yake ngozi ilikuwa inaungua. Alitamani bwawa lake vibaya sana. Lakini kuna matikiti kumi na mawili, na kuna umati unaomsikiliza bila kupepesa macho. Nani aliwahi kumsikiliza hivyo?

"Ndugu wananchi," akasema, "hotuba yangu ni fupi."

Kwa! Kwa! Kwa!

"Kwanza, kati ya saa sita na saa kumi, mtu mwenye akili hasimami juani."

Kwa! Kwa! Kwa!

"Pili, mzijue dalili za kuzidiwa na joto. Dalili ya kwanza, kichwa kuuma." Akajishika kichwa. "Kichwa kuuma sana. Dalili ya pili, kizunguzungu. Mtu anaona ardhi ina... nani anatikisa uwanja huu?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Endelea, tunaandika."

"Dalili ya tatu, mtu husema maneno yasiyoeleweka. Kwa mfano, ndugu matikiti..."

Kwa! Kwa! Kwa!

"Ndugu matikiti, nawashauri mnywe kivuli kwa wingi, na mkae ndani ya... ndani ya mama..."

Na hapo, wapenzi, mgeni rasmi akaenda chini: puuu! Vumbi likapanda mpaka kwenye kofia za wananchi. Na wakati uleule, kutoka bondeni ikasikika sauti ambayo nchi haikuwa imeisikia siku arobaini: chwaaaaaa!

Nguchiro akaruka juu kwa furaha, akashuka, akataka kukimbia. Miguu ilikuwa imeshaelekea nyumbani. Kisha akageuka, akalitazama lile jitu lililolala, limefungua mdomo kama mlango wa ghala. Akamtukana kidogo, moyoni na kwa sauti. Halafu akaenda nyuma ya kichuguu, akatoa tikiti. Lilikuwa moja. Yale mengine kumi na moja yalikuwa ya kwenye mwaliko. Akalipasua juu ya jiwe, akamsukumia Mheshimiwa kinywani lote na maganda yake, na kivuli cha vichuguu kilipoanza kurefuka kikamfunika mgongo. Ndipo Nguchiro akakimbia.

Maji yalikuwa yametulia katikati ya miamba, chini ya mwamba mkubwa wenye kivuli, mahali ambapo mwanya wa kuingilia humpitisha swala lakini haulipitishi tumbo la Mheshimiwa. Swala walikuwa wanakunywa. Ngiri alikuwa anakunywa, mkia wake mfupi umesimama. Nguchiro akaloweka mkia wake, akaukamulia midomoni mwa Sikujua. Tone. Tone. Tone. La nne likamezwa. Sikujua akafungua jicho moja, akasema, "Mama, maji haya yana ladha ya mkia." Nguchiro akacheka, akalia, na wala hakuona haya.

Na Kiboko? Jioni aliamka, akajikokota mpaka bwawani, akakuta tope la kufika magotini. Alinguruma kidogo tu, maana kichwa kilikuwa bado kinauma. Kesho yake asubuhi Hondohondo akatua juu ya kisiki, akakohoa, akatangaza:

"Kwa! Kwa! Kwa! Utabiri wa leo: jua. Mheshimiwa Kiboko, kwa huruma yake na kwa jasho lake mwenyewe, amewaletea wananchi mradi mkubwa wa maji mpaka miambani. Uzinduzi ni leo. Mgeni rasmi ni Mheshimiwa. Kwa!"

Muhanga, kucha zake zikiwa bado zinavuja damu, alitaka kwenda kumrukia Hondohondo pale pale. Nguchiro akamshika mkia.

"Piga makofi, binamu."

"Nipige makofi! Mfereji kachimba nani?"

"Umechimba wewe. Piga makofi. Makofi hayapunguzi maji."

Wakapiga makofi. Sikujua ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, kisha akarudi kunywa.

Basi wapenzi, ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kuwatii wakubwa, maana bila Kiboko nani angetuletea maji? Inatufundisha kuwa joto halimdhuru msikivu: siku nzima juani, na hakuna kichuguu hata kimoja kilichozirai. Na inatufundisha tusiwe wajanja kama Nguchiro, kwa sababu ujanja haufai, humfanya mtoto wako apone.

Mimi nimefika mwisho wa pumzi. Ikiwa ngano hii ni tamu, gawaneni. Ikiwa ni chungu, mpelekeeni Mheshimiwa, atasema kaitunga yeye.